"Tuma na ya Kutoa": Ada ya Malipo Ilipwe na Nani?

Matiliku, kama masoko mengine mengi ya Makueni na Kitui, kuna maneno manne ambayo mnunuzi ameyazoea: "Tuma na ya kutoa." Umechukua kilo mbili za ndengu, ama dawa ya mbuzi kwa agroveti, ama kipuri cha boda boda. Unauliza namba ya tili. Unapewa namba ya simu ya mwenye duka, kisha maneno hayo manne yanafuata. Wengi hulipa bila kuuliza. Kuna watu nyuma yako, jua ni kali, na shilingi 29 hazionekani kama kitu cha kugombania.

Sisi tunaona ni jambo la kuzungumzwa, na tuuseme msimamo wetu mapema. Gharama ya kupokea malipo ni ya anayepokea, kama vile kodi ya duka na bili ya stima ni zake. Akitaka kuirudisha, aiweke kwenye bei ambayo mnunuzi anaiona kabla ya kukubali. Kuiongeza mwishoni, bidhaa ikishafungwa, ni kumnyima mnunuzi haki ambayo sheria ya Kenya imempa. Na kumwambia alipe kupitia namba ya wakala ni kubaya zaidi, maana kunamwacha bila ushahidi kuwa alinunua kitu.

Mtu atatuuliza: ninyi si mnaishi kwa ada hizo hizo? Ndiyo, kampuni yoyote ya malipo hupata pesa kwenye ada, na yetu imo. Ndiyo maana tunataka uelewe hesabu yenyewe, uamue ukijua.

Hesabu ya mia, ya elfu na ya elfu tano

Tutumie viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, wakati ushuru wa bidhaa kwenye ada za kutuma pesa ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Viwango hubadilika, kwa hivyo kabla ya kubishana na mtu, angalia vya sasa kwenye simu yako.

Tuanze na mia. Umenunua nyanya na vitunguu vya shilingi 100. Ungetuma 100 peke yake kwa namba ya simu, usingekatwa kitu, maana kutuma hadi 100 ni bure. Lakini umeambiwa uongeze ya kutoa, ambayo ni 11. Sasa unatuma 111. Ukishapita 100, umeingia kwenye kiwango kingine, na kutuma kunakatwa 7. Mboga za mia zimekugharimu 118.

Twende kwa elfu. Ya kutoa ni 29, kwa hivyo unatuma 1,029. Kutuma elfu moja kamili kungekatwa 13, lakini 1,029 iko kwenye kiwango cha juu yake, ambacho ni 23. Jumla yako ni 1,052. Ile 29 imekuongezea pia shilingi 10 za kutuma, na mwenye duka wala hajui.

Sasa elfu tano. Ya kutoa ni 69. Unatuma 5,069, na badala ya kukatwa 57 unakatwa 78. Umelipa 5,147.

Linganisha na tili. Kwenye Lipa na M-Pesa ya Buy Goods, mnunuzi hakatwi kitu. Muuzaji naye hakatwi kitu kwa malipo ya 200 kwenda chini. Juu ya hapo anakatwa asilimia 0.55, na haizidi shilingi 200 hata mauzo yawe makubwa vipi. Kwa hiyo nyanya za mia: sufuri kwako, sufuri kwake. Bidhaa za elfu: sufuri kwako, 5.50 kwake. Za elfu tano: sufuri kwako, 27.50 kwake.

Angalia hapo kwenye elfu tena. Mnunuzi ametoa 52 zaidi ili muuzaji aokoe 5 na nusu. Na hizo 52 hazibaki Matiliku. Mwenye duka akienda kutoa, anabaki na elfu yake tu. Nyingine zimegawanywa kati ya kampuni, wakala na serikali.

Na je, kweli ataitoa? Wenye maduka wengi hawatoi. Pesa inayoingia kwenye simu inalipa tokeni za stima, inamlipa msambazaji wa mkate, inatumwa kwa mtoto aliye shule. Ikiwa hivyo, ile "ya kutoa" haikuwa ya kutoa. Ilikuwa nyongeza ya bei iliyopewa jina lingine.

Sheria inasemaje

Tuanze na Katiba ya 2010. Kifungu cha 46 kinampa kila mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na kile anachonunua, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya bidhaa au huduma mbovu.

Halafu kuna Sheria ya Ushindani ya 2010. Wengi hudhani sheria hii ni ya kampuni kubwa zinazopigania soko. Kumbe ndani yake, kifungu cha 56, kuna mstari unaomhusu mtu anayenunua chumvi. Unakataza kumtoza mtumiaji ada yoyote ambayo hakuelezwa kabla ya kutozwa au kabla ya huduma kutolewa. Unaongeza kwamba mtumiaji anastahili kuelezwa ada zote za huduma, ziitwe kwa jina lolote. Hayo maneno ya "jina lolote" yashike vizuri. "Ya kutoa" ni jina. "Ya mashine" ni jina. "Ya network" ni jina pia.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa na bei. Na upande wetu sisi watoa huduma, tuko chini ya Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011 na kanuni zake za 2014, ambazo Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayozisimamia.

Ukizisoma pamoja, sheria hizi zinarudia jambo moja: mwambie mtu bei kamili kabla hajakubali. Mwenye duka ana uhuru wa kuuza ndengu yake kwa bei anayotaka. Akiamua kilo ni 160 badala ya 155 kwa sababu ya gharama za tili, hiyo ni biashara yake, na wewe una uhuru wa kwenda duka la pili. Tatizo linaanza anapokutajia 155, anapima, anafunga, halafu ndipo unasikia kuna nyongeza. Wakati huo uhuru wako wa kwenda duka la pili umeshapungua, na yeye anajua.

Kesi ya shilingi 50

Kuna anayefikiri mahakama haiwezi kupoteza wakati na vitu vidogo kama hivi. Wazazi wa shule za kitaifa wanajua vingine.

Mwaka 2024 Wizara ya Elimu iliagiza karo za shule za kitaifa zilipwe kupitia eCitizen. Kila malipo yalikuja na ada ya shilingi 50. Kwa mzazi anayelipa karo yote mara moja, 50 ni kidogo. Lakini wazazi wengi wa huku kwetu hawalipi hivyo. Mbuzi akiuzwa, elfu tatu zinaenda shule. Maembe yakinunuliwa, elfu mbili. Mtu akilipa mara 6 kwa muhula, hiyo ni 300, na kwa mihula mitatu ni 900. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakikuwa cha mzazi.

Agizo hilo lilipelekwa mahakamani. Aprili 2025 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba lilikiuka Katiba. Aliona kuwa wazazi hawakushirikishwa kabla ya mpango kuletwa, na kwamba ile ada ya 50 haikuwa na msingi wa kisheria. Uamuzi wa Mahakama Kuu unaweza kukatiwa rufaa, na sisi si mawakili. Tunachochukua hapo ni swali ambalo jaji aliliuliza: ada hii imetoka wapi, na nani alikuambia una ruhusa ya kuitoza? Kama serikali yenyewe inaulizwa swali hilo kwa shilingi 50, hata mwenye duka anaweza kuulizwa kwa 29. Unaweza kumuuliza kwa heshima, na bado ukabaki mteja wake.

Wenzetu wa kadi walishapigana vita hii

Matiliku kadi za benki hazitumiki sana dukani. Lakini ukifika Emali, kwenye vituo vya mafuta vya barabara ya Mombasa, utaziona. Inafaa tujue zinavyofanya kazi, kwa sababu mabishano yetu ya leo wenzetu waliyaanza zamani.

Ukilipa kwa kadi, muuzaji hapati pesa yote. Kuna inayoenda kwa benki yake, kuna inayoenda kwa mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, na kuna inayoenda kwa benki iliyokupa kadi. Kwa kawaida hilo fungu la mwisho ndilo nono. Wauzaji wa Marekani waliona wanaumizwa, na mwaka 2005 wakaanza kesi dhidi ya Visa, Mastercard na benki. Kesi hiyo imezaa mapatano, rufaa na mapatano mengine. Juni 2024, karibu miaka 20 baadaye, Jaji Margo Brodie alikataa mapatano mapya ambayo kampuni hizo zilikuwa zimeyaleta.

Kwa miaka mingi kanuni za mitandao hiyo zilimkataza muuzaji wa Marekani kuongeza ada kwa mwenye kadi. Mwanzo wa 2013, kutokana na kesi hiyo, katazo lililegezwa. Lakini majimbo kadhaa, New York likiwa mojawapo, yalikuwa na sheria zao za kukataza. Saluni moja ya New York, Expressions Hair Design, pamoja na wafanyabiashara wenzake, walikwenda mahakamani. Walitaka tu kumwambia mteja waziwazi kwamba kadi ina gharama na keshi ni nafuu. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema sheria ile ilikuwa inagusa namna muuzaji anavyozungumzia bei zake, yaani uhuru wa kusema, na kesi ikarudishwa chini iangaliwe kwa jicho hilo.

Ulaya walichukua njia nyingine. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo kwa lile fungu la benki iliyotoa kadi: asilimia 0.2 kwa kadi ya akiba na 0.3 kwa kadi ya mkopo, kwa matumizi ya mwananchi wa kawaida. Januari 2018 Uingereza ikapiga marufuku kumwongezea mteja wa kawaida ada kwa sababu amelipa kwa kadi.

Rudi sasa kwenye nyanya zetu. Ulaya waliona sehemu moja ya gharama ikizidi 0.3 kwa kila mia, inatosha kutungiwa sheria. Matiliku mtu ananunua mboga za mia na anaongeza 18. Anayeongeza hizo 18 ni mtu anayenunua mboga za siku moja kwa sababu hana za wiki.

"Toa tu hapa": hapa ndipo pabaya

Kuna duka ambalo pia ni la wakala. Ukitaka kulipa, unaambiwa: "Usijali, toa tu hapa." Unapewa namba ya wakala, unatoa kiasi cha bidhaa, lakini hushiki noti yoyote. Mwenye duka anabaki na pesa na bidhaa unapewa. Wewe umelipia ada ya kutoa, yeye amepata kamisheni ya wakala juu ya faida ya bidhaa.

Wengi hukasirikia ile ada. Sisi tunaogopa ule ujumbe unaoingia kwenye simu baadaye. Usome vizuri. Unasema umetoa pesa taslimu kwa wakala fulani. Hausemi ulinunua kitu.

Tuseme ni Oktoba, mvua za vuli zinakaribia. Umenunua mbegu za mahindi za shilingi 4,500 kwa njia hiyo. Umepanda, mvua imenyesha, na hakuna kilichoota. Unarudi dukani. Mwenye duka anasema hakukuuzia mbegu hizo. Unatoa simu uonyeshe. Simu inasema siku ile ulitoa 4,500 taslimu. Kwa karatasi, ulichukua pesa yako na ukaenda nayo. Msimu umepita, na ushahidi pekee ulio nao unamsaidia yeye.

Ungelipa kwa tili, ujumbe ungekuwa na jina la biashara, kiasi, tarehe na namba ya muamala. Huo si mkataba wote, lakini ni kitu cha kuweka mezani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa wengi wetu daftari siku hizi ni ile orodha ya ujumbe kwenye simu. Usikubali iandikwe uongo.

Kutuma kwa namba ya mtu binafsi nako kuna udhaifu wake. Jina linalotokea linaweza kuwa la shemeji au la mfanyakazi aliyeondoka. Pochi la Biashara, ambayo ilianzishwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, inatenganisha pesa ya biashara na ya nyumbani, na hilo ni zuri. Ila jua kwamba ukilipa kwa Pochi wewe mnunuzi ndiye unakatwa ada ya kutuma, kama unavyomtumia mtu yeyote. Kwa elfu moja hiyo ni 13.

Mwenye duka naye ana yake

Tusimfanye mwenye duka mwizi. Mama anayeuza sukari ya robo robo anapata faida ya shilingi chache kwa kila kipimo. Akiambiwa asilimia 0.55, anasikia "nakatwa". Msambazaji wake anataka keshi. Pesa ikikaa kwenye tili, kuna gharama nyingine ya kuihamisha hadi iwe noti mkononi. Na soko likiwa dogo, hakuna mtu wa kampuni anayepita kumweleza mambo haya. Amejifunza kwa jirani yake, na jirani alijifunza kwa mwingine.

Kwa huyo mama tunasema: malipo ya 200 kwenda chini hukatwi. Kama wateja wako wengi wananunua vitu vya 30, 50 na 100, tili yako inapokea bure. Kwa yale makubwa, piga hesabu ya mwezi mzima. Kwa malipo ya elfu moja moja yanayofikia 40,000, unakatwa 220. Gawanya hiyo kwenye bei za vitu vyako, hakuna mteja atakayeona. Lakini mteja aliyeongezewa 29 waziwazi, siku atakapopata duka lenye tili, hatarudi.

Jambo la pili ni hofu ya KRA, na hii ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini. Wapo walioacha tili na kurudi kwa namba ya simu wakidhani wamejificha. Ushuru haudaiwi na tili, unadaiwa na mauzo, pesa ipite njia gani. Tangu Julai 2023, ushuru wa mauzo, ule wa TOT, ni asilimia 3 kwa biashara ndogo inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Milioni moja kwa mwaka ni kama 2,700 kila siku bila kupumzika. Ukiuza chini ya hapo, TOT haikuhusu. Ukiuza zaidi, namba ya simu haitakuficha, na rekodi safi za tili zinaweza kukusaidia ukitaka mkopo au ukibishana na mtu juu ya hesabu. Mtu anaweza kusema asilimia 3 ya mauzo ni nyingi kwa mwenye faida ndogo, na tunakubaliana naye kabisa. Lakini mzigo huo apelekewe mbunge wake. Mnunuzi wa nyanya hakutunga sheria hiyo.

Ada si mvua

Watu huzungumzia ada kama mvua, kwamba inakuja ikitaka. Historia ya hapa inasema vingine. M-Pesa ilianza Machi 2007. Hadi Julai 2014, wakala wa Safaricom hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na mlango ukafunguliwa. Mwaka 2016 Mamlaka hiyo iliagiza watoa huduma waonyeshe gharama za huduma za pesa kwa simu kabla mteja hajakamilisha muamala. Machi 2020, korona ilipoingia, ada za kutuma hadi shilingi 1,000 ziliondolewa, na hali hiyo ilidumu hadi mwisho wa Desemba mwaka huo. Aprili 2022 Benki Kuu ilitangaza kwamba mteja wa mtandao mmoja anaweza kulipa kwenye tili ya mtandao mwingine. Kila badiliko hapo lilitokea kwa sababu kuna mtu aliuliza, au alilalamika, au aliagiza.

Kwa hiyo hata sisi wa kampuni za malipo tuna la kufanya. Kwanza, mpango wa kutomkata muuzaji kwa malipo madogo usibaki kwenye 200 milele. Bei za vitu zimepanda, na kiwango hicho kinafaa kupanda nacho. Pili, mabango ya ada yawekwe pia kwa Kiswahili na Kikamba, kwa maandishi ambayo mtu mzima anaweza kuyasoma bila miwani. Tatu, muuzaji anapopewa tili aelezwe siku hiyo hiyo kwamba ada ni yake, na wakala aelezwe kwamba namba yake ni ya kutoa na kuweka pesa, si ya kuuzia bidhaa. Tukiyanyamazia haya kwa sababu kutoa kunatuletea pesa kuliko kulipa, tusishangae siku ambayo Bunge au mahakama itatuamulia.

Wewe ufanye nini

Uliza bei na njia ya kulipa kabla bidhaa haijapimwa. "Mama, hii ni ngapi nikilipa kwa tili?" Swali hilo moja linatosha, na halimvunjii mtu heshima.

Ukiambiwa kuna nyongeza, uliza ni ya nini. Ikiwa umeambiwa mapema na umekubali, lipa. Ikiwa imekuja mwishoni, una haki ya kuikataa na kuacha bidhaa.

Usilipe bidhaa kwa namba ya wakala. Ikiwa tili haipo kabisa, ni afadhali utoe keshi yako mwenyewe, ulipe mkononi na uombe risiti, hasa kwa mbegu, mbolea, dawa na simu.

Huduma za serikali, iwe hospitali ama leseni, zilipie kwenye namba rasmi iliyobandikwa, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi. Jina likitokea kabla ya kuweka PIN, lisome.

Usifute ujumbe wa malipo ya vitu vikubwa. Uhifadhi hadi utakapokuwa na hakika kuwa kitu kinafanya kazi, au mbegu imeota.

Ukiwa na shida, anza na mwenye duka. Kama shida ni ya muamala, piga kwa huduma kwa wateja ya kampuni iliyopitisha malipo. Kama ni ada iliyofichwa au udanganyifu wa bei, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Na ikiwa ni pesa unayodai, kuna Korti za Madai Madogo, zilizoundwa kwa sheria ya 2016, ambazo husikiza madai ya hadi shilingi milioni 1, zinatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Matiliku ni soko ambalo watu wanajuana. Mwenye duka ndiye atakayekukopesha unga mwisho wa mwezi, na hakuna anayetaka kugombana naye kwa 29. Lakini kwa sababu mnajuana, mnaweza kuliongea jambo hili mkiwa mmetulia, bila kelele na bila wakili. Mwonyeshe hesabu: yeye 5 na nusu, wewe 52. Kisha mwombe abandike namba ya tili.